Nani Kasema Hatujui Bima?

Kuna usemi umezagaa siku hizi kwenye semina na redioni, nao unanichefua. Usemi wenyewe ni huu: wananchi hawana utamaduni wa bima. Ati wakulima, mama lishe, waendesha bodaboda na sisi vijana wa kijiweni hatuelewi maana ya kuchangia leo kwa ajili ya ugonjwa wa kesho. Basi tupewe elimu, tuchapishiwe vipeperushi, tuitwe mkutanoni tunywe soda. Vijana wenzangu mnaosoma jarida hili, naomba tubishane na usemi huo hadharani, maana uongo ukiachwa bila kujibiwa huota mizizi.

Mimi nimekulia Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Babu zetu walichimba mifongo ya kuteremsha maji ya mlimani hadi kwenye vihamba kabla mkoloni hajatia mguu huku. Kwetu siku ya kuzibua mfongo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Asiyetokea hutozwa faini, na akikaidi, zamu yake ya maji inarukwa. Bibi kizee aliyebaki peke yake hadaiwi jembe, na maji anayapata. Hiyo kama si bima ni kitu gani? Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao wenyewe, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Leo ukipita Majengo au Pasua, kina mama wana vikoba vyao, na hakuna kijana asiyewahi kukabidhiwa kadi ya mchango wa harusi. Watu wa namna hiyo utawafundisha nini kuhusu kuchangiana? Wanachokosa ni sababu ya kuamini kwamba wakitoa jembe lao, maji yatafika.

Tukumbuke historia kidogo, kwa kuwa wakubwa wanapenda kuanzia hesabu pale panapowafaa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 tukaletewa uchangiaji wa gharama: ukiugua, toa. Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ukajaribiwa Igunga katikati ya miaka hiyo ya 1990 na kupata sheria yake mwaka 2001, mwaka ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nao ulianza kazi kwa kuwahudumia watumishi wa serikali. Novemba 2019 NHIF ikatuletea vifurushi vya watu binafsi. Bei ya chini kabisa kwa kijana wa miaka 18 hadi 35 ilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka. Ilipofika 2022, serikali yenyewe ilisema wenye bima ya aina yoyote ni kama asilimia 15 tu ya Watanzania. Zaidi ya miaka 20 ya mifuko, na asilimia 15! Halafu lawama anatupiwa mwananchi.

Septemba 2022 Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ukapelekwa bungeni, na nchi ikagawanyika. Zilitajwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Muswada ulitaka pia kuifunga bima kwenye huduma nyingine, hata leseni ya udereva. Kelele zikapigwa, muswada ukaahirishwa, ukarekebishwa, hatimaye Novemba 2023 ukapitishwa kuwa sheria.

Huku kijiweni kwetu kelele zilikuwa za aina mbili. Wa kwanza walisema: mimi mzima, kwa nini nimlipie mgonjwa? Hao nawajibu bila kuwaonea haya. Bwana mdogo unayekimbiza bodaboda barabara ya Arusha bila kofia, unajiita mzima kwa sababu leo bado hujaanguka. Siku ukianguka, KCMC hawatakuuliza ulikuwa mzima lini. Wa pili walisema: tuko tayari kulipa, ila tutapata nini? Hao ndio wenzangu, na swali lao halijajibiwa mpaka sasa.

Chukua kadi ya watoto, Toto Afya. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 NHIF ikasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja. Mfuko ulijieleza kwamba wazazi wengi walikuwa wanakata kadi wakati mtoto tayari mgonjwa, na matumizi yakazidi mno michango. Hesabu hiyo naikubali, kwani bima ya hiari hukimbiliwa na wagonjwa, wazima wakakaa pembeni, na mfuko ukatoboka. Ndiyo maana mimi ni katika wanaotaka bima iwe ya lazima, na nasema hivyo bila kung'ata maneno. Lakini tazameni waliyepewa mzigo wa kuziba tundu. Wazazi wakaelekezwa shuleni au kwenye vifurushi vya familia, ambavyo bei yake mama anayeuza ndizi Kiboriloni haiwezi. Hata mlango ukifunguliwa tena, mtoto aliyeugua ulipokuwa umefungwa harudishiwi siku zake.

Wala msidhani waliolipa bei kubwa walisalimika. Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwapokea wenye kadi za NHIF kwa sababu ya ugomvi wa bei mpya. Watu waliokatwa mishahara kila mwezi wakakuta kadi zao hazifanyi kazi. Mafahali walipigana, nyasi zikaumia, halafu nyasi zikaambiwa hazina utamaduni wa bima.

Kwetu tulikata kadi ya CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mama alipougua presha alikwenda nayo kwenye kituo kimoja cha huku mlimani. Akapimwa vizuri, akaandikiwa dawa vizuri, akaambiwa dawa hakuna, akanunue ng'ambo ya barabara. Akaenda mara tatu, majibu yale yale. Mara ya nne hakwenda na kadi, alikwenda na hela ya mikungu miwili ya ndizi. Sasa njoo na kipeperushi chako umwelimishe mama yangu! Kadi ile ninayo mimi, naitumia kama alama ya ukurasa kwenye daftari ninaloandikia riwaya yangu.

Mlima wetu haujakosa majengo. Machame kuna hospitali, Kibosho ipo, Kilema ipo, mjini kuna Mawenzi, na KCMC ipo tangu 1971. Mtu wa huku anaiona hospitali kutoka mgombani kwake. Kinachomshinda ni dirisha la malipo. Na akishindwa pale akafa, hapo ndipo utaona maajabu. Kamati inaundwa usiku huo huo. Ndugu wa Dar es Salaam wanakodi basi, jeneza linang'aa, ng'ombe anachinjwa. Hela ile ile iliyokosekana Jumatatu kwa ajili ya dawa inapatikana Ijumaa kwa ajili ya maziko. Hapo na sisi tujisute, jamani. Tunamchangia maiti kuliko tulivyomchangia mgonjwa. Lakini maziko tunayachangia kwa kuwa tuna uhakika yatafanyika. Bima ingekuwa na uhakika wa namna hiyo, kadi zingegombaniwa kama tiketi za mpira.

Na hata kufa si mwisho wa deni. Agosti 2025, akizindua kampeni, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kupiga marufuku hospitali kuzuia miili ya marehemu. Ahadi nzuri. Lakini nchi inayofikia kuahidiana hivyo imekiri yenyewe hali ilivyo.

Basi tudai nini? Kwanza, dawa. Mwenye kadi akikosa dawa dirishani, aipate duka la ng'ambo kwa kadi hiyo hiyo, na mfuko ulipe. Huo ndio mtihani wa kwanza, na usipofaulu, mengine yote ni porojo. Pili, maskini. Sheria ya 2023 imeweka mfuko wa wasio na uwezo, na vyanzo vyake ni pamoja na kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo kijana unayebeti na kunywa bia pale stendi, wewe ni mchangiaji. Una haki ya kuuliza bibi yako yumo kwenye orodha au hayumo. Orodha ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, isomwe na kila mtu, isikae kwenye droo ya mtendaji ikaingiza mashemeji. Tatu, kusiwe na mlango wa kufungwa kwa tangazo. Bei au huduma ikibadilika, mwananchi ajulishwe mapema na asikilizwe.

Mwisho nawageukia nyie waandishi wenzangu. Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya siasa, jarida hili ni la fasihi. Hivi fasihi ni nini? Kila hadithi tunayosomeana ina binti mrembo, mganga na gari jekundu. Yule mama kwenye foleni saa kumi na moja alfajiri, kadi kaifunga kwenye pindo la kanga, mbona hayumo? Hofu yake, hesabu zake, uongo anaowaambia watoto kwamba kichwa kimepoa, kuna riwaya gani kubwa kuliko hiyo? Tukimwacha, ataandikwa na watu wa semina, nao wataandika kwamba hakuwa na utamaduni wa bima.

Asiyekubaliana nami na aandike, tena kwa hoja. Mama yangu anasoma, naye atajibu.