Unga wa Mlonge Unahitaji Namba kwenye Pakiti

Mwaka jana tulimpokea mgonjwa wa makamo ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisafishwa damu kwa mashine. Aliletwa akiwa amebebwa, miguu imelegea. Potasiamu katika damu yake ilikuwa milimoli 7.2 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Ikipanda kiasi hicho, moyo waweza kusimama ghafla. Masharti yetu alikuwa ameyashika: hakunywa dafu, hakula ndizi. Mkewe ndiye aliyekumbuka kutaja unga wa mlonge, vijiko vitatu vilivyojaa kila siku, ili "kuongeza damu". Pakiti ilieleza kuwa unga ni wa asili kwa asilimia 100. Namba nyingine haikuwamo.

Siwezi kuapa kwamba mlonge peke yake ndio uliomfikisha hapo, kwani alikuwa amekosa pia zamu moja ya kusafishwa damu. Hata hivyo, gramu 100 za majani makavu ya mlonge huwa na zaidi ya gramu moja ya potasiamu. Vijiko vile, takriban gramu 30, vilimwongezea miligramu 300 au zaidi kwa siku. Mwenye figo nzima angeviita lishe bora. Kwake yeye ulikuwa mzigo ambao hakuna aliyeuhesabu, nikiwamo mimi.

Kwa hiyo siafikiani na wenzangu wanaodhani kuwa kupima madini katika mimea ya dawa ni shughuli ya wanakemia pekee. Upimaji wenyewe unafahamika: majani hukaushwa, husagwa, huyeyushwa kwa asidi, kisha kimiminika hupulizwa katika mwali wa moto na mashine husoma ni mwanga kiasi gani umefyonzwa. Kila elementi hufyonza mwanga wa aina yake.

Mashine hiyo hiyo husoma pia tusiyoyatamani. Mmea hunyonya kilichomo ardhini, na vumbi hutua juu ya majani yake. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kando ya barabara ingali udongoni. Kadimiamu huletwa, pamoja na njia nyingine, na baadhi ya mbolea za fosfeti, na ikishaingia katika figo hukaa humo kwa miongo. Shirika la Afya Duniani limependekeza ukomo wa miligramu 10 za risasi na 0.3 za kadimiamu kwa kila kilo ya mmea mkavu wa dawa. Mlonge wa shamba moja si mlonge wa shamba jingine. Cheti kilichotolewa mara moja, miaka iliyopita, hakinitoshi. Lipimwe kila toleo.

Namba nazo zina hila. Chuma kingi kinachosomwa maabara huenda kikawa ni cha vumbi la majani yasiyooshwa, na hata kile cha jani lenyewe hakifyonzwi chote tumboni. Mama mjamzito asiache vidonge vyake vya madini ya chuma kwa sababu ya pakiti.

Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linaloisimamia. Ningependa usajili wa dawa ya unga uambatane na sharti la kuandika kwenye pakiti kiasi cha potasiamu, risasi na kadimiamu. Gharama zitamwelemea mtengenezaji mdogo, najua. Maabara za umma zingeweza kumpimia kwa bei nafuu.

Kwa sasa, wauguzi na madaktari wenzangu, tuulize bila kukaripia, kwani anayekaripiwa huficha. Tuandike katika faili jina la dawa, namba ya toleo kama ipo, na idadi ya vijiko. Nawe uliye na ugonjwa wa figo, siku ya kliniki njoo na pakiti yenyewe, hata kama imebaki tupu.