Mashine kongwe za karakana zisiuzwe kwa kilo

MSIMU wa mavuno ukifika, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa kule Kahama au Shinyanga Vijijini hana hofu ya kukosa wateja. Hofu yake ni shafti. Ikikatika, au njia ya kii ikilika, foleni ya akina mama wenye madebe ya mahindi na mpunga inahamia kwa jirani. Ikihama kwa wiki mbili, hairudi yote.

Hofu hiyo hiyo anayo mwenye karasha wa Nyarugusu, Rwamagasa au Mgusu mkoani Geita. Karasha likisimama, mifuko ya mawe inarundikana mwaloni, na mchimbaji mwenye madeni hana subira ya kungoja. Anapakia mawe yake na kuyapeleka kwa mwingine.

Wote wawili hukimbilia kwa mtu mmoja: fundi mwenye kerezo na, kwa bahati, mashine ndogo ya kuchongea vyuma ambayo mafundi huiita milingi. Leo tunataka kuizungumzia mashine hiyo, kwa sababu tunaona zinapungua na wanaozihitaji hawajashtuka.

Kerezo huzungusha chuma ili kisu kikikate. Milingi hufanya kinyume: kisu ndicho kinachozunguka, na chuma hufungwa mezani kikasogezwa taratibu. Ndiyo inayochimba njia ya kii kwenye shafti na kuchonga meno ya gia.

Fundi asiyekuwa nayo hutumia msumeno, tindo na tupa. Inawezekana, na wapo wenye mikono mizuri sana. Lakini njia ikipinda kidogo tu, kii hukaa vibaya, puli huyumba, mkanda huliwa upande mmoja na beringi hupata moto. Baada ya miezi michache mwenye mashine anarudi dukani akilaani beringi za Kichina, kumbe safari hii Mchina wa watu hana kosa.

Huko Ulaya na Marekani, milingi ndogo za aina hii hununuliwa na wastaafu wanaojiburudisha gereji, wakiunda vichwa vya treni vya kuchezea. Hapa kwetu mashine hiyo hiyo inalisha kijiji. Tatizo ni kwamba nyingi tulizonazo ni kuukuu, na baadhi ya viwanda vilivyoziunda havipo tena. Myford ya Uingereza, jina kubwa kwa mashine ndogo za karakana, ilifunga kiwanda chake cha Beeston mwaka 2011.

Hata sisi tulikuwa na matumaini yetu. Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda kilichojengwa wilayani Hai kwa msaada wa Bulgaria mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilikusudiwa kuunda mashine za namna hii hapa hapa nchini. Kilidorora kwa miaka mingi, na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) limekuwa likijaribu kukifufua.

Kwa hiyo milingi ikivunjika gia au nati ya meza ikilika, fundi huambiwa spea hakuna. Mashine inasukumwa kona, inawekewa magunia juu yake, na siku moja mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mzani wake. Inauzwa kwa kilo, kama bati la paa lililotoboka.

Sisi tunasema hiyo ni hasara isiyo ya lazima, kwa kuwa sehemu kubwa ya vipuri vya mashine hizo haina uhusiano na kiwanda kilichoziunda. Beringi ina namba. Iliyoandikwa 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52 na unene 15, iwe imetoka Uswidi, Japani au China. Mkanda nao una herufi ya upana wake na namba ya urefu wake, na sili ya oili ina vipimo vitatu vilivyoandikwa ubavuni. Mota inaweza kubadilishwa kwa nyingine yenye nguvu na mwendo ule ule, mradi fundi aangalie kwanza kama karakana yake ina umeme wa fezi moja au fezi tatu.

Kinachobaki ni vitu viwili vinavyosumbua kweli kweli: nati ya meza na gia. Nati hutengenezwa kwa shaba nyeusi, tena makusudi, ili ilike yenyewe na kuiokoa skrubu ndefu ambayo ni ghali zaidi. Mwenye kerezo nzuri anaweza kukereza nyingine kwa siku moja, akishajua kama uzi wake ni wa inchi au wa milimita.

Gia ni hesabu. Kwa gia ya kawaida ya meno yaliyonyooka, pima kipenyo cha nje kwa milimita, kisha gawanya kwa idadi ya meno ukijumlisha mbili. Gia ya meno 40 yenye kipenyo cha milimita 84 inakupa 84 kugawanya kwa 42, yaani 2. Hiyo ndiyo moduli yake, na mchonga gia yeyote akipewa namba hizo pamoja na unene na ukubwa wa tundu, hahitaji kujua mashine iliundwa wapi. Hesabu ikikataa kutoa namba nzuri, huenda mashine ni ya Kiingereza. Hapo pima kwa inchi na ugeuze: meno ukijumlisha mbili, gawanya kwa kipenyo.

Lakini gia ya milingi huchongwa kwa milingi nyingine. Tukiziuza zote kwa kilo, itafika siku ambapo hata ile moja iliyobaki haitakuwa na mwenzake wa kuiponya. Fundi wa Shinyanga atasafiri zaidi ya kilometa 150 hadi Mwanza kwa ajili ya gia moja. Wa Geita walau ana nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, maana hasubiri tena kivuko, lakini nauli na siku za kusimama kazi ziko pale pale.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya wenye viwanda vidogo, ina kituo cha kuendeleza teknolojia mjini Shinyanga. VETA nayo ina chuo hapo. Tunaziomba taasisi hizi mbili zianze na jambo dogo: daftari la mashine za karakana zilizoko Shinyanga na Geita, zinazofanya kazi na zilizolala, pamoja na michoro ya kila gia na nati inayoletwa kutengenezwa. Mchoro ukihifadhiwa, fundi wa pili hataanza upya.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi kinachoomba fedha za kufufua milingi kongwe kisirudishwe kwa hoja kwamba mashine si mpya. Na migodi mikubwa inapobadilisha vifaa vya karakana zake, itangulize vyuo na mafundi wa jirani kabla ya kuita wanunuzi wa chakavu.

Wenye mashine za kusaga na makarasha, nanyi mna sehemu yenu. Shafti ya akiba ichongwe sasa, fundi akiwa hana foleni, si siku ya mavuno. Na fundi mwenye milingi iliyolala chini ya magunia, kabla hujampa jibu mwenye mzani, ifunue, soma namba za beringi na uhesabu meno ya gia iliyovunjika.