Mkopo wa nyumba: bima ipi inamlinda nani?

Ukikopa benki kujenga au kununua nyumba, mezani utakuta na fomu za bima. Wengi wetu tunasaini bila kuuliza. Leo tuzitenganishe.

Ya kwanza ni bima ya mkopo. Mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, kampuni ya bima huilipa benki deni lililobaki. Bila hiyo, wafiwa hubaki na marejesho, na wakishindwa, Sheria ya Ardhi inairuhusu benki kuuza nyumba iliyowekwa rehani.

Ya pili ni bima ya jengo. Hii hulipia nyumba yenyewe ikiharibika. Soma masharti yake: bima ya moto peke yake huenda isiguse mafuriko wala tetemeko. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba nyingi. Nyumba ikianguka, marejesho hayasimami.

Kwa maoni yetu, zote mbili zinahitajika. Swali kubwa ni jina la nani limeandikwa. Kama mume na mke wanarejesha pamoja na aliyekatiwa bima ni mume tu, mke akifariki deni linabaki lilelile, mshahara umebaki mmoja.

Ulizeni pia ada inalipwaje. Ikijumlishwa kwenye mkopo, nayo itatozwa riba. Na usifiche ugonjwa kwenye fomu, dai linaweza kukataliwa. Ukiona umedhulumiwa, malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.