Kompyuta nazo Zifungwe Zana kama Trekta

Mkulima wa Karatu au Monduli anaponunua trekta hanunui kazi moja. Hununua mtambo wenye mikono mitatu nyuma yake, na katika mikono hiyo hufunga zana aitakayo: leo plau, kesho haro, mvua zikikaribia mashine ya kupandia, na wakati wa mavuno mashine ya kupukuchulia mahindi, ikizungushwa na shafti ya trekta lile lile. Utaratibu huo ulibuniwa na fundi Harry Ferguson wa Ireland katika miaka ya 1920 na 1930. Baadaye vipimo vya mikono hiyo vilikubaliwa duniani, hata plau la kiwanda kimoja likaweza kufungwa kwenye trekta la kiwanda kingine, na fundi wa karakana ya hapa Arusha akaweza kuunda zana yake bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Kompyuta mpakato imetufikia kwa njia iliyo kinyume kabisa. Anayeinunua hupewa kila kitu kikiwa kimegandishwa pamoja, na kitu kimoja kikifa, vyote huhesabiwa kuwa vimekufa.

Nimeyaona haya kwa macho. Katika shule moja ya sekondari, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, nilionyeshwa kompyuta mpakato kumi na mbili zilizokuwa zimepangwa ghalani nyuma ya magunia ya mahindi ya wanafunzi. Zilikuwa zimetolewa msaada miaka minne tu kabla ya hapo. Vioo vyake vilikuwa vizima, na vibao vya herufi vizima. Zilizokufa karibu zote zilikufa kwa ugonjwa mmoja, tundu la kuchajia. Fundi wa mjini aliyeitwa alieleza kuwa tundu hilo limeunganishwa na bodi kuu, na kwamba bei ya bodi mpya inakaribia bei ya kompyuta nzima. Mwalimu mkuu akafunga mlango wa ghala. Hakuwa na la kufanya, nami sikuwa na la kumshauri.

Sasa tazama jambo hili. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya San Francisco, Marekani, ilianza kuuza kompyuta mpakato iliyofungwa kwa skrubu, na bisibisi yake ikiwa ndani ya boksi. Katika mbavu zake mna nafasi nne, na katika kila nafasi huingizwa kadi ndogo isiyofikia ukubwa wa kiberiti. Kadi moja ina tundu la waya wa projekta, nyingine tundu la waya wa mtandao, nyingine ni ghala la kuhifadhia majalada. Tundu likivunjika, mwenye mali huchomoa kadi na kuchomeka nyingine. Mwaka 2024 likafuata toleo kubwa zaidi lenye nafasi sita. Lililo muhimu kuliko yote ni kwamba kampuni hiyo iliitoa michoro ya kadi zake bure, ili kila fundi aweze kubuni kadi yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya matajiri, na kwamba kompyuta hiyo haionekani katika maduka ya Arusha. Ni kweli, mimi mwenyewe sijaiona dukani hapa. Watasema pia kuwa hata kampuni kubwa ya Google ilijaribu simu ya namna hiyo, ikaiacha mwaka 2016. Hilo nalo ni kweli. Lakini tukichungulia ndani ya nafasi hizo tunakuta kiungio cha USB-C, kile kile kinachochaji simu nyingi za siku hizi. Umoja wa Ulaya ulikwisha kupitisha sheria ya kukifanya kuwa kiungio cha lazima, kwa simu kuanzia mwisho wa mwaka 2024, na kwa kompyuta mpakato kuanzia Aprili 2026. Kwa hiyo kadi itakayoundwa leo kwa kiungio hicho itafanya kazi, kwa waya mfupi tu, kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye tundu hilo. Hatuna sababu ya kungojea trekta lifike ndipo tuanze kufua plau.

Je, tufue zana gani? Nionavyo mimi, ya kwanza iwe ya kupima floridi.

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa floridi ni nini. Wanaijua kwa meno ya watoto wao, na penye nyingi zaidi wanaijua kwa mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, nayo mito na chemchemi kadhaa zinazoshuka mlimani, hasa upande wa Ngarenanyuki, hukivuka kiwango hicho mbali sana. (Mto Maji ya Chai umepewa jina kwa rangi yake, lakini mtu asidanganyike: floridi yenyewe haina rangi, haina harufu.) Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeeneza njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nayo ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba mkaa huo huchoka. Mama anayechotea wanawe maji ya chujio hana namna ya kujua siku ulipochoka. Maji ya jana na ya leo yana sura moja na ladha moja.

Njia ya kupima ipo tangu mwaka 1966, ilipovumbuliwa elektrodi ya floridi. Elektrodi hiyo hutoa umeme mdogo sana, wa milivolti, ambao hubadilika kwa kadiri ya floridi iliyomo majini. Kazi ya kadi ni kuukuza umeme huo, kuugeuza kuwa namba, na kuikabidhi namba hiyo kwa kompyuta. Sisemi kwamba ni kazi nyepesi. Elektrodi haiwezi kukaa ndani ya kadi, itabidi ining'inie kwa waya. Itaagizwa kutoka nje. Na mpimaji hana budi kuwa na maji ya kulinganishia na dawa ya kuchanganya kila anapopima. Lakini kadi yenyewe ni bodi ndogo ambayo mwanafunzi hodari wa elektroniki anaweza kuibuni.

Ya pili ni ya umeme wa jua: kadi nene kidogo, itakayotokeza nje ya kompyuta, ya kupokea moja kwa moja umeme wa betri ya volti 12, shule isipoteze sehemu ya umeme wake katika inveta. Tundu la kadi hiyo likivunjika, itakufa kadi, haitakufa kompyuta. Vyama vya ushirika vya kahawa navyo vingefaidika na kadi ya kupimia unyevu wa kahawa iliyoanikwa, maana mzozo wa mizani na unyevu ni wa siku nyingi.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu mwaka 1978. CAMARTEC, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1981, ilibuni mtambo wa gesi ya samadi ambao mfano wake ulichukuliwa hata nje ya nchi. Katika Taasisi ya Nelson Mandela, pale Tengeru, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio la maji linalorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika, na mwaka 2015 akatunukiwa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza tuzo yake ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika. Ajabu ni kwamba taasisi hizi, zilizo katika mkoa mmoja, hazijakaa kwenye meza moja kuizungumzia kadi.

Serikali nayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa kompyuta za shule. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ipo, na maofisa ugavi wanajua kuandika masharti ya zabuni. Basi na yaandikwe matatu: kompyuta ifunguke kwa skrubu, tundu la kuchajia libadilike bila kugusa bodi kuu, vipuri viuzwe nchini kwa miaka isiyopungua mitano. Mfanyabiashara asiyeweza hayo apishe njia.

Na kadi ya kwanza ya floridi itakapokuwa tayari, isianze safari yake kwenye maonyesho. Ipelekwe Ngarenanyuki, ipime maji ya bomba moja mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, na chupa ya maji hayo hayo ipelekwe maabara ya Ngurdoto. Namba hizo mbili zikitofautiana, kadi irudi kwenye meza ya fundi.