Ubaguzi shuleni Marekani: Kielezi kilichochelewesha haki miaka 14

Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza nilipokumbana na sentensi moja fupi: "Mwaka wa 1954 ubaguzi wa rangi ulikomeshwa katika shule za Marekani." Nilikipigia mstari kitenzi hicho, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, nikakata alama mbili. Siku ya pili yake mwandishi wa insha alibisha mlangoni mwa ofisi yangu, kitabu mkononi. "Daktari," alisema kwa adabu lakini bila kuyumba, "hayo ndiyo yaliyoandikwa humu." Nilisoma. Kweli yaliandikwa.

Nilimwahidi jibu refu kuliko lile ambalo nafasi ya pale ofisini iliruhusu, na jibu lenyewe ndilo hili. Nalitoa hadharani kwa kuwa nashuku kwamba walimu wengi wa historia, pamoja na sisi wa lugha, tumekuwa tukiwalisha wanafunzi sentensi za aina hiyo bila kuzitafuna kwanza. Kitenzi "ulikomeshwa" kimo katika kauli ya kutendwa. Kauli hiyo ina hila yake: humficha mtenda. Ni nani aliyekomesha? Na alikomesha lini?

Tuanze na yale ambayo hayana ubishi. Mwaka wa 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, kwamba sheria ya Louisiana iliyowatenganisha abiria weusi na weupe katika mabehewa ya treni haikuvunja katiba. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, ndiye aliyepinga. Kutokana na uamuzi huo ilistawi kanuni ya "mbali lakini sawa," na kwa zaidi ya nusu karne majimbo ya Kusini yalishikilia lile neno "mbali" kwa mikono miwili huku yakilisahau neno "sawa." Mnamo Mei 17, 1954, mahakama iyo hiyo, ikiongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua kwa kauli moja ya majaji wote tisa kwamba katika elimu ya umma kanuni hiyo haina nafasi. Kuwatenga watoto kwa rangi, ilisema, kwenyewe ni kuwanyima usawa. Hiyo ndiyo kesi maarufu ya Brown.

Hapo ndipo vitabu vingi hufunga ukurasa. Ukweli ni kwamba siku ile mahakama haikumwamuru mtu yeyote afanye lolote. Ilieleza sheria ilivyo, kisha ikaahirisha suala la utekelezaji hadi isikilize hoja zaidi. Mawakili wa watoto weusi, wakiongozwa na Thurgood Marshall wa chama cha NAACP, walirudi kizimbani wakiomba jambo moja mahususi: tarehe. Walitaka shule zifunguliwe kwa watoto wote mwezi wa Septemba 1955, na kama kuna kizuizi cha kweli, basi isipite Septemba 1956. Majimbo ya Kusini kwa upande wao yaliomba yasipewe tarehe yoyote.

Uamuzi wa pili ulitolewa Mei 31, 1955. Uliagiza kwamba watoto waingizwe katika shule zisizobagua "kwa kasi yote ya utaratibu." Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapopata kazi. Mawakili waliomba kielezi cha wakati, wakapewa kielezi cha namna. Kielezi cha wakati hujibu swali "lini?" na mtu akikivunja anajulikana, kwa sababu kalenda iko ukutani. Kielezi cha namna hujibu swali "vipi?" na anayehukumiwa nacho anaweza kudai kila siku ya Mungu kwamba anaenda vivyo hivyo alivyoambiwa. Isitoshe, kielezi chenyewe kilikuwa kimebeba mizigo miwili inayovutana: kasi huku, utaratibu kule. Aliyetaka kukimbia angeshika neno la kwanza. Asiyetaka kuondoka alipo angeshika la pili.

Msemo huo haukubuniwa siku hiyo. Jaji Oliver Wendell Holmes aliutumia mwaka wa 1911 katika kesi ya deni baina ya majimbo ya Virginia na West Virginia, na ni Jaji Felix Frankfurter aliyeupendekeza upya kwa Warren. Maneno yaliyofaa kuyasukuma majimbo mawili yaelewane juu ya fedha yakahamishwa yakawekwa juu ya vichwa vya watoto. Deni la fedha linaweza kusubiri, tena huzaa riba. Utoto hauzai riba.

Virginia hiyo hiyo ndiyo inayotuonyesha vyema zaidi kilichofuata. Katika kaunti ya Prince Edward palikuwa na shule ya upili ya watoto weusi, Moton, iliyojengwa kwa wanafunzi wapatao 180 lakini ikawa inasomesha zaidi ya 450. Waliokosa nafasi walifundishiwa katika vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mnamo Aprili 23, 1951, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwaongoza wenzake kugoma. Walimhadaa mwalimu mkuu kwa simu ili aondoke shuleni, wakakutana ukumbini, wakatoka nje. Nia yao ya kwanza ilikuwa kupata jengo bora tu. Mawakili wa NAACP waliowaendea, Oliver Hill na Spottswood Robinson, waliwaambia kwamba wangewatetea kwa sharti moja: wasidai banda zuri zaidi la kutengwa, bali wadai kutengwa kwenyewe kuondolewe. Wakakubali. Kesi yao ikawa mojawapo ya zile tano zilizounganishwa chini ya jina la Brown. Barbara mwenyewe alipelekwa Alabama kwa mjomba wake kwa ajili ya usalama. (Mjomba huyo, mhubiri Vernon Johns, ndiye aliyekuwa na kanisa la Dexter Avenue mjini Montgomery kabla ya Martin Luther King. Historia ya watu hao ni kama ukoo mmoja.)

Wanafunzi hao walishinda mwaka wa 1954. Je, walipata nini? Mwaka wa 1959, korti ilipoilazimisha kaunti hatimaye kuwachanganya watoto, wakuu wake walikataa kutenga hata senti moja ya elimu, wakazifunga shule zote za umma. Zote. Watoto weupe walifunguliwa shule ya kibinafsi, na baadaye jimbo likasaidia kulipa karo yao. Watoto weusi wapatao 1,700 waliachwa bila shule. Wengine walipelekwa kwa jamaa katika kaunti na majimbo mengine, wengine wakafundishwa kidogo kidogo katika vyumba vya chini vya makanisa, na wengi wakaingia mashambani. Ni mwaka wa 1963 tu ambapo shule za msaada zilifunguliwa kwa michango na kwa himizo la serikali ya Rais Kennedy, na ni Mei 1964 ambapo Mahakama ya Juu iliamuru shule za umma zenyewe zifunguliwe. Mtoto aliyekuwa tayari kuanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 alikuwa sasa na miaka 11.

Watu husimulia zaidi habari za Little Rock mwaka wa 1957, wanafunzi tisa, Gavana Orval Faubus na askari wa miavuli waliotumwa na Rais Eisenhower, kwa kuwa zina picha. Kufungwa kwa mlango hakuna picha. Lakini ukiniuliza ni wapi maana ya kile kielezi ilijidhihirisha kikamilifu, nitakutajia Prince Edward.

Miaka kumi baada ya hukumu ya Brown, katika majimbo yaliyokuwa ya uasi wa Kusini, ni watoto weusi wawili au watatu tu kati ya kila mia waliokuwa wakisoma pamoja na weupe. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, nami sina ugomvi nao. Wahenga hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli. Kinachofaa kuchunguzwa ni nani anayemtajia mwenzake methali ipi. Sijapata kumsikia aliyesimama nje mvuani akimwambia aliye ndani kwamba haraka haina baraka.

Ni haki niwatetee majaji japo kidogo. Mahakama haina jeshi wala hazina. Warren alitaka kauli moja ya majaji wote, na kuipata ilimlazimu alegeze mahali fulani. Palikuwa pia na hofu ya umwagaji damu, na hofu hiyo haikuwa ndoto. Hata hivyo, damu ilimwagika vilevile, na ulegevu ule ulisomwa na wapinzani kama kibali. Mwaka wa 1956 maseneta na wabunge wapatao mia moja wa Kusini walitia saini tangazo la kuupinga uamuzi wa Brown kwa njia zote walizoziita halali.

Linganisha na yaliyotokea pale sheria ilipoandikwa kwa vipimo. Jimboni Mississippi, aliyetaka kujiandikisha kupiga kura alitakiwa kueleza maana ya kifungu cha katiba ya jimbo, na karani ndiye aliyeamua kama maelezo yake yameridhisha. Mimi mwenye shahada ya uzamifu katika isimu nisingethubutu kuufanya mtihani huo mbele ya karani aliyekwisha kuamua nianguke. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 haikumwomba karani awe mwema. Ilisimamisha mitihani hiyo katika maeneo yaliyotambuliwa kwa takwimu, ikawapa maofisa wa serikali kuu uwezo wa kuandikisha watu wenyewe. Kabla ya sheria hiyo, Wamarekani weusi walioandikishwa Mississippi walikuwa asilimia 6.7 ya waliostahili. Kufikia mwaka wa 1967 walikuwa karibu asilimia 60. Na kwa hakika ni kipimo kile kile kilicholengwa na waliotaka kuidhoofisha: mwaka wa 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Mahakama ya Juu iliacha maneno mengi ya sheria hiyo yalivyo, ikabatilisha kigezo kilichobainisha ni maeneo yapi yaombe idhini kabla ya kubadilisha kanuni za uchaguzi.

Sisi Wakenya tuna kamba inayotufunga na habari hii. Mnamo Januari 1960, Thurgood Marshall, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, na akaandika rasimu ya hati ya haki za binadamu. Wakati huo watoto aliowashindia kesi kule Prince Edward walikuwa katika mwaka wa kwanza wa kufungiwa shule. Katika rasimu hiyo alijitahidi kuwalinda hata walio wachache, ambao kwetu walikuwa walowezi weupe. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi nisijue nistaajabie subira yake au kejeli ya historia.

Marshall aliingia Mahakama ya Juu mwaka wa 1967, jaji mweusi wa kwanza. Mnamo Oktoba 29, 1969, akiwa miongoni mwa majaji, mahakama iliamua kesi ya wilaya zaidi ya 30 za shule za Mississippi, ambazo zilikuwa zikiomba muda zaidi huku serikali ya Rais Nixon ikiziunga mkono. Hukumu ilikuwa fupi mno. Ilisema kwamba muda wa ule msemo wa 1955 umekwisha, na kwamba kila wilaya inawajibika kuukomesha mfumo wa shule mbili mara moja. Hatimaye kielezi cha wakati! Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Septemba 1955 alikuwa amemaliza shule ya upili miaka miwili nyuma. Katika miaka michache iliyofuata, shule za Kusini zilichanganyika kuliko za sehemu nyingine yoyote ya nchi hiyo. Haikuwa neema tupu: maelfu ya walimu weusi walipoteza kazi shule zao zilipofungwa na wanafunzi wao kupelekwa kwingine, na hasara hiyo haimo katika vitabu vyetu pia.

Mwanafunzi wangu aliposikia muhtasari wa haya aliomba aiandike upya ile sentensi. Aliniletea mistari minne mahali pa mmoja. Sasa mwaka wa 1954 ubaguzi "ulitangazwa kuwa kinyume cha katiba," mwaka wa 1955 mahakama "ilikataa kutaja tarehe," na mwaka wa 1969 ubaguzi "ulikomeshwa." Nilimrudishia alama moja. Ya pili tungali tukiigombania, kwa sababu nimemwomba akasome kesi ya Detroit ya mwaka wa 1974, ambapo mahakama, kwa kura tano dhidi ya nne na Marshall akipinga, ilikataa watoto wa jiji hilo wachanganywe na wa vitongoji vilivyolizunguka, kisha arudi aniambie kama kitenzi chake bado kinasimama.