SHERIA HAIKUUA USTADI WA MOTAKAA

Yako maneno ambayo yamekwisha kuwa kama wimbo vinywani mwa wapenzi wa mashindano ya motakaa. Husema ya kuwa zamani mafundi walikuwa huru, wakabuni mambo ya ajabu kadiri walivyopenda. Kisha wakaja watu wa sheria na vitabu vyao, wakakataza hili na lile, na ustadi ukafa. Maneno haya twayasikia kwa wazee na kwa vijana, na hata kwa walimu wenzetu wafundishao elimu ya mitambo. Sisi twayakataa. Tena twasema ya kuwa kosa la wenye sheria, nalo lipo, si kwamba walikataza, bali kwamba mara nyingi walikawia kukataza hata damu ikamwagika.

Kwanza na tufahamu jambo lenyewe. Mtu asiyepata kulifikiri hudhani ya kuwa upepo huitendea motakaa jambo moja tu, yaani huizuia isiende mbele. Ndivyo walivyodhani mafundi wengi wa kwanza, wakajitahidi kuuchonga mwili wa gari uwe laini kama samaki. Katika mwezi wa Julai 1954, huko Reims katika Ufaransa, Juan Manuel Fangio alishinda kwa gari la Mercedes lililofunikwa lote, hata magurudumu. Majuma mawili yalikuwa hayajatimia, gari la namna ile ile likaletwa Silverstone katika Uingereza, na Fangio yule yule akayagonga mapipa yaliyowekwa kuonyesha kona, kwa maana hakuweza kuyaona magurudumu yake yalipo. Kulainisha mwili kuna faida, walakini si elimu yote ya upepo.

Upepo una kazi ya pili. Bawa la eropleni limeundwa hivi kwamba upepo upitapo huliinua. Ukilipindua bawa lile, upepo hulikandamiza chini. Basi motakaa ipitapo kwenye kona hushikwa na mipira yake tu, na mipira hushika kwa kadiri inavyokandamizwa ardhini. Ukitia mawe ndani ya gari utaikandamiza mipira, lakini mawe nayo ni mzigo, yatalivuta gari nje ya kona. Upepo hukandamiza wala hauna uzito wa kubebwa. Hiyo ndiyo siri yote, na mtoto wa shule aweza kuielewa. Fritz von Opel alipoendesha gari lake la roketi 24 huko AVUS, Berlin, mwaka 1928, akafika kilometa 238 kwa saa, gari lile lilikuwa na mabawa mawili ubavuni, yameinamishwa ili yalizuie lisiruke. Na baada ya hapo miaka karibu arobaini ikapita kabla ya watu wa mashindano kulishika neno hilo kwa nguvu.

Hapa wapinzani wetu humleta shahidi wao mkubwa, nasi hatutamficha. Mwaka 1956 kijana mmoja Mswisi, Michael May, alifunga bawa lililopinduliwa juu ya Porsche yake, akalileta Nürburgring katika Ujerumani. Wakuu wa mashindano wakamwambia aliondoe, nalo likaondolewa. Wasema, “Je, huo si uuaji wa ustadi?” Twakubali kwamba ulikuwa uamuzi mbaya. Kukataza jambo pasipo kulipima ni uvivu, na uvivu si sheria. Lakini hoja hii haiwafikishi wanakotaka kufika. Kama wakuu wale wangalilipima bawa la May, wakaandika lifungwe vipi na nguzo zake ziwe na nguvu gani, yale yaliyotokea miaka kumi na mitatu baadaye yamkini yasingalitokea. Kilichokosekana Nürburgring ni sheria nzuri.

Na tuyatazame sasa yaliyotokea. Mwaka 1966 Jim Hall wa Texas alitengeneza gari aliloliita Chaparral 2E. Bawa lake lilisimama juu sana nyuma ya dereva, na nguzo zake hazikukaa juu ya mwili wa gari, bali zilishuka moja kwa moja mpaka kwenye vitovu vya magurudumu ya nyuma, hata ukandamizaji ukafika kwenye mipira bila kuzilemea springi. Dereva alikuwa na kikanyagio cha mguu wa kushoto: penye njia iliyonyoka alikikanyaga, bawa likalala lisiuzuie upepo, akifika kwenye kona aliuachilia mguu, bawa likainama na kukandamiza. Twasema bila kusita ya kuwa kazi hii ni miongoni mwa kazi bora zilizofanywa na mikono ya mafundi wa motakaa.

Mwezi wa Juni 1968, huko Spa katika Ubelgiji, magari ya Ferrari na Brabham yalionekana na mabawa katika Formula 1. Kabla ya mwaka kwisha kila mtu alitaka bawa, na kila mtu alitaka la kwake liwe juu kuliko la jirani, ambako upepo hauvurugwi. Hall alikuwa amefikiri kwa muda mrefu. Wale waliomfuata walikuwa na haraka. Sheria juu ya urefu wa nguzo haikuwako. Huo ndio uhuru unaosifiwa.

Tarehe 4 Mei 1969 magari yalishindana katika njia za kilima cha Montjuïc, Barcelona. Timu ya Lotus ilikuja na mabawa mapana kuliko ya kwanza, juu ya nguzo nyembamba. Palikuwa na mwinuko njiani, ambapo gari lipitapo kwa kasi huwa jepesi kisha hutua kwa kishindo. Bawa la Graham Hill lilikunjika hapo, gari likajipiga kwenye vyuma vya pembeni. Baada ya mizunguko michache bawa la mwenzake, Jochen Rindt, aliyekuwa akiongoza, nalo likakunjika mahali hapo hapo. Gari lake likaligonga gari la Hill lililokuwa bado limelala pale. Hill akatoka mzima, Rindt akaumia usoni. Elimu ya upepo haikukosea hata chembe siku ile: mabawa yalikandamiza sawasawa na hesabu. Nguzo ndizo zilizoshindwa. Rindt mwenyewe, ambaye hakuna awezaye kumwita mwoga, aliandika barua ya wazi akitaka mabawa yaondolewe.

Siku chache baadaye, huko Monaco, wakuu wa mashindano walikataza mabawa baada ya mazoezi ya kwanza. Wapinzani wetu husimulia habari hii mpaka hapo, kisha hufunga kitabu. Mbona hawasomi ukurasa unaofuata? Katika mwaka ule ule mabawa yalirudi, ila yawe chini, yafungwe imara kwenye mwili wa gari, yasigeuzwe na dereva. Mwaka 1970 Lotus ikaleta gari la 72, lenye umbo la kabari, na bawa lake nyuma kwa kufuata sheria; namna yake ikaigwa kwa miaka mingi. (Wako wanaotukumbusha kwamba Rindt alikufa katika gari hilo huko Monza mwaka 1970, siku ambayo mabawa yalikuwa yameondolewa ili liende kasi zaidi. Ni kweli. Walakini ni chuma cha breki kilichokatika.)

Sheria ile haikutosha. Mwaka 1975 magari yalirudi Montjuïc. Madereva waliviona vyuma vya pembeni havikufungwa vema, wakagoma kufanya mazoezi. Emerson Fittipaldi akakataa kabisa kushindana. Mashindano yakafanywa vivyo hivyo. Rolf Stommelen alikuwa akiongoza, bawa la nyuma likang’oka, gari likaruka juu ya vyuma. Yeye alivunjika mifupa akaishi, bali watu waliosimama upande wa pili walikufa. Na timu yake ilikuwa mali ya Graham Hill, yule yule aliyevunjikiwa na bawa katika kilima hicho miaka sita kabla. Twawauliza wasifu wa uhuru: dereva alichagua kupanda gari lile, fundi alichagua unene wa chuma, lakini wale waliosimama kutazama walichagua nini?

Tuje kwenye sakafu, maana huko ndiko walikokimbilia mafundi. Kila aliyetazama mfereji wa maji ajua ya kuwa mahali unapobanwa, maji hukimbia. Na Daniel Bernoulli alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1738 kwamba yanapokimbia zaidi, msukumo wake hupungua. Upepo una tabia iyo hiyo. Peter Wright na wenzake wa Lotus walikuwa wakipima mfano wa gari katika chumba cha upepo cha Imperial College, London, wakaona hesabu zao hazirudii. Walipochunguza wakakuta mbavu za mfano zilikuwa zikilegea na kushuka karibu na chini, na kila ziliposhuka, gari lilinyonywa kwa nguvu. Wakaziba kando, nguvu ikaongezeka. Kutokana na hayo likazaliwa Lotus 78 la mwaka 1977, kisha 79, ambalo Mario Andretti alilitumia katika kuupata ubingwa wa 1978. Kando ya magari hayo palikuwa na sketi ngumu zilizoteleza juu na chini, zikigusa barabara, upepo usiingie kutoka ubavuni.

Hatari yake haikuonekana kwa macho. Sketi ikinasa juu katikati ya kona, upepo huingia na unyonyaji hukoma mara moja. Dereva hapati onyo lo lote. Gari lililoshikwa kama kwa mkono huachiliwa ghafula. Ndiyo maana sketi za kuteleza zilikatazwa mwaka 1981, na tangu 1983 sakafu ikaamriwa iwe bapa.

Tena twakiri neno moja zaidi. Si kila katazo lilitokana na hatari. Gari la Hall la mwaka 1970, Chaparral 2J, lililokuwa na feni mbili nyuma za kunyonya upepo uliokuwa chini yake, lilikatazwa baada ya washindani kulalamika, na masikioni mwetu malalamiko mengine yana sauti ya husuda. Brabham lenye feni lilishinda Anderstorp, Sweden, mwezi wa Juni 1978, wala halikushindana tena. Mambo hayo hatuyatetei.

Lakini ustadi ulikufa lini? Sheria ya 1981 ilitaka nafasi ya sentimeta 6 chini ya gari lilipopimwa limesimama. Gordon Murray wa Brabham akaunda springi zilizokubali kushuka gari likienda kasi, na kuinuka tena likirudi kupimwa. Nelson Piquet akawa bingwa mwaka huo. Ulikuwa ujanja, lakini ni ujanja wa mtu aliyesoma sheria neno kwa neno. Sakafu ilipokuwa bapa, mafundi wa Tyrrell mwaka 1990 waliinua pua ya gari lao la 019 ili upepo mwingi upite chini yake, nao wengine wakawafuata. Mwaka 2009 timu ya Brawn iliona tundu katika maandishi, ikaunda njia ya pili ya upepo nyuma ya sakafu. Mashitaka yakapelekwa, ikahukumiwa kuwa halali, na Jenson Button akawa bingwa.

Mwaka 2022 sheria yenyewe iliirudisha sakafu yenye mifereji, ili magari yaweze kufuatana kwa karibu. Yakaanza kudundadunda katika njia iliyonyoka hata madereva wakalia na maumivu ya mgongo, na katika mwaka ule ule wakuu wakaweka kipimo cha kudunda huko. Hawakungoja mtu afe. Na katika sheria zilizotungwa kwa ajili ya mwaka 2026, bawa linaloinama kwenye kona na kulala penye njia iliyonyoka, kama lile la Hall la 1966, limeruhusiwa mbele na nyuma ya gari, baada ya kuandikwa ni wapi liweze kulala.