Ukwapi na Utao Katika Kisanduku cha Wavuti

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Chukulia kijana wa Kayole au Dandora anayetunga mathnawi kwenye simu yake. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, vya mizani nane nane, naye kavitenga kwa nafasi kadhaa kama alivyofunzwa shuleni. Alitumapo shairi tovutini, aghalabu nafasi zile humezwa, ikabaki moja tu. Vipande viwili huonekana kimoja, kina cha kati hupotea, na msomaji huhukumu kwamba mtunzi hajui arudhi.

Kosa si la mtunzi. HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, ina kisanduku cha kuandikia kiitwacho textarea, kilichokuwamo tangu toleo la pili la mwaka 1995. Hicho hupokea herufi tupu. Hakijui wino mzito, italiki wala safu. Mwaka 2000, Internet Explorer 5.5 ilileta contenteditable, sifa inayoruhusu sehemu ya ukurasa kuhaririwa. Hata hivyo, hiyo ni sifa tu, si kisanduku kamili cha fomu. Kwa hivyo kila tovuti hulazimika kuunda au kuazima kihariri chake. Kihariri hicho sharti kipakuliwe, na mlipaji wa bando ni yule yule kijana wa Kayole.

Yafaa basi vivinjari vyenyewe viwe na kisanduku asilia cha kuhariria matini yenye mapambo. Wapo watakaodai kuwa hiyo ni kazi ya wahandisi pekee. La hasha! Mwunda chombo hukiunda kwa mahitaji anayoyajua. Asiyewahi kuambiwa kuhusu ukwapi, utao na mwandao atavitengeaje nafasi? Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ithibati kwamba mwanalugha na mhandisi waweza kuketi meza moja.

WHATWG, jopo linalosimamia kiwango cha HTML, hupokea mapendekezo ya umma. Idara za Kiswahili na ziandike bayana umbo la tungo zetu, kisha ziyawasilishe huko. Zikinyamaza, kisanduku kitaundwa bila utao, na lawama itaendelea kumwangukia mtunzi.